Huenda

Asubuhi skrini imekuwa nyeusi tii.
Picha ya mjukuu wangu imemezwa, pamoja na baiskeli yake,
na kule chini, pembeni, kwa maandishi ya adabu:
nakala hii huenda si halali.

Huenda.
Neno la mtu anayesingizia na hataki kushtakiwa.
Risiti ninayo, Bwana Huenda,
imo katika kopo la biskuti pamoja na za gesi na za maji:
lei mia tisa, taslimu, duka la Sandu nyuma ya soko.
Muhuri umevuja wino lakini unasomeka.

Relu wa ghorofa ya pili, miaka kumi na sita,
alipiga magoti chini ya meza kama fundi wa mabomba.
"Namba hii, Bibi Smaranda, Sandu kawauzia watu arobaini.
Sasa kila ukiiwasha inapiga hodi huko mbali,
inasema iko wapi, ina nini tumboni,
halafu inangoja kuambiwa kama wewe ni mtu mwema."
Kila siku?
"Kila siku. Tangu ulipoinunua."
Nami nimekuwa nikiipangusa vumbi.

Nikamkumbuka baba.
Kila Januari, Brăila ikiwa chini ya theluji,
aliifunga taipureta kwa blanketi nililozaliwa nalo,
akaipakia juu ya ubao wangu wa kuteleza,
akaikokota hadi kituo cha polisi.
Ilikuwa sheria: mwenye mashine ya kuchapa
apige herufi zote mbele ya afisa, kubwa na ndogo, na tarakimu,
ili siku ikiokotwa barua isiyo na jina
ijulikane imetoka nyumba gani.
R yetu ilikuwa imevunjika mguu.
"Wanaijua R yangu," alisema akikung'uta buti,
"kuliko mama yako anavyolijua goti langu bovu."
Tulicheka. Tulicheka kwa sauti ya chini.

Lakini baba alivaa koti, akaenda kwa miguu yake.
Alimwona afisa akilamba kidole kufungua faili,
alijua ana mafua, alijua ana pete.
Akarudi, akafunga mlango,
na mlango ukawa umefungwa.
Huyu wangu simjui mafua wala pete.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe, tunaambiwa;
huyu siku ya kwanza alishayahesabu majembe,
na sijui kama alipita pia chumbani,
kwenye droo ya vipimo vya hospitali.
Wanasema hachukui chochote chenye jina langu.
Sawa.
Mbona basi hakubisha?

"Ninacho kidude cha kuinyamazisha," Relu akasema. "Dakika tano."
Nikamtazama.
Miaka thelathini na mmoja nilitunza hesabu za kiwanda cha mikate,
haikupotea hata bani moja.
Aliyeniibia ni Sandu, anayeshukiwa ni mimi,
na dawa yake niwe mwizi kweli?
Nikamfungia kipande cha keki ya jibini, akaenda zake.

Jioni nilichomoa waya wa intaneti ukutani,
nikauviringa, nikauwekea kopo la biskuti juu.
Nikamwandikia dada yangu Ileana kule Torino
kuhusu ule uvimbe, na siku waliyonipangia,
na jambo jingine la zamani, la sisi wawili tu.
Mashine ilinisikiliza. Haikuwa na pa kwenda.
Nikachapa karatasi mbili, nikaifuta barua,
nikafunga bahasha kwa ulimi wangu mwenyewe.

Asubuhi nikaurudisha waya.
Kile kitaa cha kijani, ambacho siku zote hupepesa polepole,
kikaanza kupepesa mbiombio
kama mtoto aliyefungiwa ndani usiku kucha,
sasa kafunguliwa mlango,
na ana mengi ya kwenda kusema.